Dakika 39 za Kisumu na Mwanza

Wasomaji wa safu hii ambao ni walimu wa hesabu watanielewa upesi nikisema kwamba katika kidato cha nne kuna mada moja ambayo wanafunzi huipenda kwa sababu ina ndege ndani yake. Ni mada ya latitudo na longitudo. Mwalimu hutaja miji miwili, huandika ubaoni mahali ulipo kila mji, kisha huuliza: ndege iendayo kwa mwendo fulani itachukua muda gani kutoka mji wa kwanza hadi wa pili? Vitabu vingi hupenda miji ya mbali, au miji isiyo na majina kabisa, mji A na mji B. Mimi nafundisha karibu na Ziwa Viktoria, na naamini kwamba hesabu isiyo na makazi haikai kichwani. Kwa hiyo nilichagua Kisumu na Mwanza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko nyuzi 0 dakika 5 kusini mwa Ikweta, na nyuzi 34 dakika 44 mashariki. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2 dakika 27 kusini, na nyuzi 32 dakika 56 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 2 dakika 22, yaani dakika 142. Na kwa kuwa kila dakika ya duara kubwa la dunia ni maili moja ya baharini, tumekwisha kupata maili 142 za kwenda kusini. Tofauti ya longitudo ni dakika 108, ambazo karibu na Ikweta ni sawa na maili 108 za kwenda magharibi. Ukitumia kanuni ya Pythagoras unapata maili 178 za baharini. Zizidishe kwa 1.852, nazo ni kilomita 330. Ndege za rafadha za aina ya ATR 72, ambazo zimezoeleka sana katika anga za Afrika Mashariki, huenda kwa mwendo wa fundo 275 hivi, fundo moja likiwa ni maili moja ya baharini kwa saa. Gawanya 178 kwa 275, zidisha kwa 60. Jibu ni dakika 39.

Mwenzangu aliye mkali wa hesabu atanikosoa kwamba dunia ni tufe ilhali kanuni ya Pythagoras ni ya mahali bapa. Ni kweli, lakini kwa masafa mafupi namna hii, tena karibu na Ikweta, kosa lake halifiki hata maili moja. Rubani naye atanikosoa kwa jambo kubwa zaidi. Atasema kwamba hakuna ndege iendayo fundo 275 tangu inapowasha injini hadi inapozizima. Kwanza hutambaa uwanjani kuifuata njia ya kurukia, kisha hupanda kwa mwendo wa chini kuliko huo, na ikikaribia kutua hupunguza mwendo na pengine huzunguka ili itue kuelekea upepo unakotoka. Ziwa lenyewe lina tabia zake: usiku hewa baridi ya nchi kavu huteremkia majini kutoka pande zote na kuinua mawingu ya ngurumo katikati ya ziwa, na jioni mawingu huwa yamejazana upande wa Kisumu. Kwa sababu hizo mwenye kuandika ratiba hangeandika dakika 39. Angeandika saa moja kamili, naye angekuwa amesema kweli.

Basi siku ile nilipolipigia mstari jibu langu ubaoni, msichana mmoja aketiye safu ya nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, ndege hiyo huondoka saa ngapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami, nakiri, nilicheka kidogo. Nikamwambia kwamba ndege ya swali la hesabu huondoka wakati wowote mtahini atakapo. Akaketi. Siku mbili baadaye nikaarifiwa ofisini kwamba ameomba ruhusa ya kwenda Mwanza na mama yake. Baba yake ni fundi wa majokofu katika kiwanda kimoja cha samaki huko, na alikuwa amelazwa hospitalini. Yule mtoto hakuuliza kwa mzaha. Alitaka kujua saa.

Swali lake halikuniacha. Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu hadi uwanja wa ndege wa Kisumu nikaliuliza mwenyewe kwenye madirisha ya mashirika. Ni uwanja mzuri. Njia yake ya kurukia ilirefushwa ikapita kilomita tatu, jengo la abiria ni jipya, na bango la langoni linatangaza kwamba huu ni uwanja wa kimataifa. Nilizungumza na vijana waliokuwa wapole na waliovaa nadhifu, lakini kila mmoja wao alianza jibu lake kwa neno lile lile: Nairobi. Ukitaka kwenda Mwanza, mzee, kwanza nenda Nairobi. Siku zipatikanapo ndege ziendazo Mwanza moja kwa moja kutoka Nairobi, utaipanda hiyo. Siku zisipopatikana utakwenda Dar es Salaam, ulale au usubiri, kisha upande ndege nyingine ikurudishe ziwani.

Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu. Namwomba msomaji, hasa aliye mwanafunzi, afanye hesabu hizi mwenyewe kwa njia ile ile ya juu, kwani zina mafunzo kuliko swali la kwanza. Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Nairobi ni maili 151 za baharini, yaani kilomita 280, tena kuelekea mashariki ilhali Mwanza iko magharibi. Kutoka Nairobi hadi Mwanza ni maili 249, sawa na kilomita 462. Jumla ni kilomita 742 kwa safari ya kilomita 330. Hiyo ndiyo njia ya bahati njema. Kwa njia ya Dar es Salaam, unaruka kilomita 280 hadi Nairobi, kilomita 668 hadi pwani, na kilomita 851 kurudi ziwani. Jumla ni kilomita 1,799. Abiria anatembezwa zaidi ya mara tano ya masafa ya kweli. Anaiacha Kisumu na ziwa, anauona Mlima Kilimanjaro dirishani, anaiona Bahari ya Hindi, ili apate kuuona upande wa pili wa ziwa lile lile alilonawia uso asubuhi.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikifundisha nusu ya somo. Masafa kati ya viwanja viwili vya ndege yana vipimo viwili. Kipimo cha kwanza hutokana na dunia yenyewe, na hakibadiliki. Kipo katika nyuzi na dakika. Cha pili hutokana na ruhusa, mikataba, ada na mazoea, nacho hubadilishwa na binadamu, wakati mwingine kwa barua moja tu ya ofisini. Abiria hulipia kipimo cha pili.

Wako watakaonijibu kwamba hivi ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote, na kwamba miji midogo haiwezi kudai makubwa. La hasha. Historia inasema kinyume. Tarehe 28 Februari mwaka wa 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari za kila wiki za kuleta barua Afrika kutoka Croydon, karibu na London. Njia ile ilipita Misri na Sudan, ikafuata mto Nile hadi ziwani, ikatua Port Bell, ikatua Kisumu, na kituo chake cha mwisho hakikuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali Mwanza. Ndege zilizotumiwa upande huu zilikuwa za kutua majini, na mwendo wake haukufika fundo 100. Kwa hiyo maili zetu 178 zilizichukua muda wa saa mbili na ushei. Mwanzoni mwa mwaka wa 1932 njia ikaongezwa hadi Cape Town. Kutoka Kisumu ikageuzwa kwenda Nairobi na kuendelea kusini kwa nchi kavu, na Mwanza ikaachwa kando. Sitaki kuwasifu wakoloni. Barua zile zilikuwa zao na ndege zilikuwa zao. Nasema tu kwamba barua ya mwaka wa 1931 ilikuwa na njia fupi kuliko mgonjwa wa leo.

Baada ya hapo lilikuja shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka wa 1946 likiwa mali ya nchi zote za eneo hili, likazihudumia Kisumu, Mwanza na Entebbe pamoja na miji ya pwani. Majini nako kulikuwa na meli. Meli ya Victoria iliungwa Kisumu kutokana na vipande vilivyoletwa kutoka Uskoti, ikaanza kazi mwaka wa 1961, ikawa inalizunguka ziwa kana kwamba ni uwanja wa nyumba moja. Wazee wa rika langu waliokulia pande hizi wanaikumbuka honi yake. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la ndege likavunjika nayo. Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi mwaka wa 1983. Kila serikali ilijenga shirika lake la ndege, na kila shirika likajenga kitovu chake katika mji mkubwa wa kwao, kama mtu aliyegawana shamba na nduguye kwa ugomvi akajenga nyumba yake ikiupa mgongo mpaka. Maziwa na mipaka yakawa ni pembe za nchi. Kisumu ikawa mwisho wa Kenya, Mwanza ikawa mwisho wa Tanzania, ingawa ukiitazama ramani utaona kwamba miji hiyo miwili iko katikati ya Afrika Mashariki.

Sheria nayo ina mchango wake, na ni vyema tuieleze kwa kuwa haifundishwi shuleni. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944 unasema kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Hakuna shirika liwezalo kuanzisha safari za ratiba kuingia nchi ya watu pasipo idhini ya nchi hiyo. Idhini hizo hupatikana kwa mikataba ya nchi mbili mbili, na humo ndimo yanamoamuliwa mambo ya mashirika yatakayoruka, safari ngapi kwa wiki, na mara nyingi miji gani kwa miji gani. Mwaka wa 1999, huko Yamoussoukro nchini Ivory Coast, mataifa ya Afrika yaliafikiana kulegeza vifungo hivyo. Mwezi Januari mwaka wa 2018 Umoja wa Afrika ukazindua mjini Addis Ababa soko moja la usafiri wa anga, zikijiunga kwanza nchi 23, Kenya ikiwemo. Kutoka Yamoussoukro hadi Addis Ababa ni mwendo wa saa chache kwa ndege ya masafa marefu. Viongozi wetu waliumaliza kwa miaka 18.

Na hata pale mikataba ilipo, ugomvi mdogo hutosha kuisimamisha. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini, na Tanzania haikuwamo. Tanzania ikajibu kwa kuizuia Kenya Airways kuingia nchini humo, na baadaye mwezi huo mashirika mengine matatu ya Kenya yakazuiwa pia. Zuio hilo liliondolewa mwezi wa Septemba, baada ya Kenya kuiingiza Tanzania katika orodha. Halafu tarehe 15 Januari mwaka wa 2024 Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ingesimamisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Kenya imeinyima ndege ya mizigo ya Air Tanzania ruhusa ya kubeba shehena kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. Safari hii simu zilipigwa upesi na jambo likamalizwa kabla ya tarehe iliyotajwa kufika.

Niliufuatilia ugomvi huo kwa makini, nikausoma katika magazeti ya nchi zote mbili. Kilichonishangaza hakikuwa hasira, maana majirani hukasirikiana. Kilichonishangaza ni kwamba mara zote mbili pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya njia ya miji mikubwa, na zilipopatana zilipatana juu ya miji mikubwa. Nairobi na Dar es Salaam zikifungiana milango, mawaziri hukosa usingizi. Kisumu na Mwanza zimefungiwa kwa muda mrefu zaidi, wala hakuna barua ya mtu awaye yote iliyoandikwa kulalamika, kwa kuwa mlango usiofunguliwa hausikiki ukifungwa.

Kuna pia suala la ada, ambalo ni dogo machoni na zito mfukoni. Nchini Kenya abiria wa safari ya ndani hutozwa ada ya uwanja inayohesabiwa kwa mamia ya shilingi; abiria wa safari ya nje hutozwa kwa makumi ya dola. Sheria haiulizi unakwenda nje umbali gani. Anayevuka ziwa kwa muda wa saa moja kwenda kumwona nduguye anahesabiwa sawa na anayekwenda London kwa saa nane au tisa. Na Tanzania nayo ina ada zake za safari za nje. Ukizijumlisha ada za pande zote mbili, kwenda na kurudi, tiketi ya safari fupi huwa imelemewa kabla hata mafuta hayajatiwa ndani ya ndege. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa mwaka wa 1999 imekuwa na itifaki ya soko la pamoja tangu mwaka wa 2010. Sijui soko gani ambalo mtu hulipia langoni bei ya kwenda Ulaya ili anunue samaki kwa jirani.

Sasa nije kwa hoja ya upande wa pili, kwa maana si haki kuwafanya wenye mashirika ya ndege kuwa wahalifu. Ndege ya viti 70 isipopata abiria wa kutosha inachoma pesa za watu. Kitovu kama Nairobi kina maana yake: kinawakusanya abiria wa Kisumu, Mombasa na Eldoret mahali pamoja, kisha kinawagawa kwa wingi unaoijaza ndege. Bila kitovu, miji mingi midogo isingepata ndege yoyote. Nimewahi kumsikia mtu wa biashara hiyo akisema kwamba Kisumu na Mwanza hazina abiria. Namheshimu, lakini namwomba asimame saa kumi na mbili asubuhi katika mpaka wa Isebania na Sirari awahesabu watu. Waluo wako Kisumu na wako Rorya. Wakuria wako Kenya na wako Tarime. Wafanyabiashara wa dagaa na sangara hawajui mpaka ila kwa vizuizi vyake. Abiria wapo. Wanasafiri kwa barabara, karibu kilomita 500, kwa kuwa hiyo ndiyo njia wanayopewa. Ukikihesabu kivuko kisicho na mashua utakuta kwamba hakuna anayevuka.

Wala sidai ndege ya viti 70. Zipo ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan, zenye viti kama kumi na viwili, ambazo kila siku huwapeleka watalii Maasai Mara na Serengeti na kutua kwenye nyasi. Mwendo wake ni fundo 170 hadi 180. Mwanafunzi aliyenifuata tangu mwanzo amekwisha kuona: maili 178 kwa fundo 178 ni saa moja. Ndege hiyo ina injini moja, na wenye hekima watataka iifuate pwani ya ziwa badala ya kukata katikati ya maji. Basi na iifuate, iongeze dakika kumi na tano. Mara mbili au tatu kwa wiki zingetosha kuanzia. Jambo linalotakiwa kwa serikali zetu si fedha nyingi. Ni kuitaja njia hii kwa jina katika mkataba, kuweka maafisa wa uhamiaji na forodha kwa siku hizo katika viwanja vyote viwili, na kuzitoza safari za ndani ya Jumuiya ada ya ndani. Fedha zitakazopotea ni za abiria ambao kwa sasa hawapo, kwa hiyo hata Hazina haitajua kwamba imezipoteza.

Tena serikali zisiseme kwamba hazina mahali pa kuyajadili haya. Tume ya Bonde la Ziwa Viktoria, ambayo ni chombo cha Jumuiya, makao yake makuu yako Kisumu. Wakala wa Jumuiya wa kusimamia usalama wa usafiri wa anga una makao yake Entebbe, ambako ziwa linaonekana ukiwa uwanjani. Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria liko Jinja. Vyombo vitatu vimeketi kandokando ya maji yale yale, vikijadili mambo ya maji hayo na ya anga lililo juu yake, na mjumbe wa Mwanza anayeitwa kikaoni Kisumu hana budi kuja kwa basi au kupitia Nairobi. Ningependa kuona kumbukumbu za kikao ambacho mjumbe huyo amefika akiwa amechoka kiasi cha kulitaja jambo hili.

Kwa walimu wenzangu nina ombi la kazi, si la siasa. Msiwape wanafunzi mji A na mji B. Wapeni Kisumu na Mwanza, Eldoret na Mbale, Mombasa na Tanga, Voi na Moshi. Wakimaliza kupata jibu la nyuzi na dakika, waulizeni swali la pili: mtu wa kawaida hufikaje huko leo, kwa muda gani, kwa gharama gani, na kwa nini? Mtahini huenda asiliulize, lakini naahidi kwamba hawatalisahau somo. Nililiongeza swali hilo la pili katika darasa langu yule msichana alipokuwa hayupo, na majibu ya wenzake yalinionyesha kwamba karibu nusu ya darasa lina jamaa ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nimewafundisha kwa miaka mitatu bila kulijua jambo hilo.

Yeye mwenyewe alirejea shuleni baada ya siku tisa. Yeye na mama yake walikuwa wameondoka Kisumu saa nane mchana. Walipita Kisii na Migori, wakafika Isebania giza likiingia, na walipomaliza mambo ya hati upande wa Sirari hawakupata gari la kuendelea. Walilala wameketi juu ya mabenchi ya kituo. Saa kumi na mbili asubuhi walipanda basi dogo, wakapita Tarime na daraja la Kirumi, Bunda na Lamadi, wakafika Mwanza saa saba mchana. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri, walipokuwa pale kituoni. Jioni iliyotangulia alikuwa akizungumza vizuri, akiuliza wamefika wapi.

Sidai kwamba mama yake angeweza kulipa nauli ya ndege. Nimefikiri sana juu ya hilo, kwa maana ni rahisi kulitumia jeneza la mtu kuipigia chapuo hoja yako. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wa kijiji chake walichanga katika siku mbili fedha za kuusafirisha mwili kwa barabara, nazo zilikuwa nyingi kuliko tiketi mbili za safari ya saa moja. Pangekuwa na ndege ya kuchangia, ningalikuwa wa kwanza kwenda kwao na kofia mkononi.

Wiki iliyofuata alileta daftari lake lisahihishwe pamoja na ya wenzake. Alikuwa amelinakili lile swali la kwanza kwa hati nzuri, na chini yake akaandika jibu nililolitoa ubaoni: dakika 39. Chini ya hapo, kwa kuwa alikuwa ameambiwa na wenzake juu ya swali la pili, aliandika mstari mmoja tu: saa 23. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi kwa muda, kisha nikatia alama ya vema kwenye majibu yote mawili.